Kugeuza na Kuakisi Picha katika Slaidi za Somo

Makala haya yanawahusu wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi, hasa watakaofanya mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Mbulu na Hanang. Siku hizi baadhi ya zana za kufundishia hutayarishwa kwa kompyuta na kuonyeshwa ukutani kwa projekta. Kwa kompyuta, kugeuza picha ni kazi ya mara moja. Wepesi huo ndio unaotulazimu kujiuliza: picha ikigeuzwa, ni jambo gani limebadilika?

1. Maana ya kugeuza

Hatuna budi kutofautisha mambo matatu. Kugeuza kwa mlalo hupeleka upande wa kulia kushoto, na wa kushoto kulia. Kugeuza kwa wima hupeleka juu chini, na chini juu. Kuzungusha nusu duara hubadili yote mawili kwa pamoja. Uakisi ni nakala ya picha iliyogeuzwa kwa wima, ikafifishwa na kuwekwa chini ya picha yenyewe, mfano wa taswira ya mlima katika maji yaliyotulia.

Katika programu ya PowerPoint, bofya picha kwanza, kisha fungua sehemu ya muundo wa picha. Amri za kugeuza zimo pamoja na zile za kuzungusha. Uakisi umo katika madoido ya picha.

2. Somo la ulinganifu

Andika neno KIOO kwa herufi kubwa, uligeuze kwa wima. Litasomeka vilevile, kwa kuwa nusu ya juu ya kila herufi inalingana na nusu ya chini. Neno MAMA likigeuzwa hivyo halisomeki, kwani M na A hulingana kulia na kushoto tu. Lakini liandike kwa kushuka, herufi moja chini ya nyingine, uligeuze kwa mlalo: halibadiliki. Yafaa wanafunzi wabashiri kabla ya kuonyeshwa, ndipo watoe sababu.

Pasipo umeme somo halikwami. Simamisha kioo kidogo kwenye ukingo wa chini wa neno. Wanafunzi wataona taswira ileile.

3. Picha zisizogeuzwa

Mwanachuo mmoja alichora ramani ya Hanang kwa kompyuta. Ili apate nafasi ya maandishi, aliigeuza kwa mlalo kabla ya kuandika majina. Majina yalisomeka vizuri, hivyo hakuona kosa. Mtoto mmoja alinyosha mkono: “Mwalimu, Babati iko upande jua linakotokea. Mbona hapa iko linakotua?” Mtoto alisema kweli. Barabara itokayo Katesh kwenda Babati huelekea mashariki na kaskazini; ile ya Singida huelekea magharibi.

Kosa la namna hii si dogo. Mji wa Katesh uko kusini mwa Mlima Hanang, chini yake kabisa. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka mlimani yaliuvamia mji huo na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mtoto anayeishi hapo anahitaji kujua kwa hakika mlima uko upande gani wa nyumba yao na mabonde yanashuka kuelekea wapi. Ramani iliyogeuzwa humfundisha uongo kwa sauti ya mwalimu.

Uakisi nao una hila yake. Picha ya mlima iliyopigwa kutoka Katesh, ikiwekewa uakisi, huonyesha ziwa mahali pasipo ziwa. Ziwa Balangida liko upande wa kaskazini wa mlima, nalo lina kina kifupi na maji ya chumvi.

Vilevile tusigeuze bendera ya Taifa: kijani hukaa juu upande wa mlingoti, na buluu chini upande wa pili. Tusigeuze mchoro wa moyo, saa wala maandishi.

4. Zoezi

Mwanachuo achore ramani ya mazingira ya shule anayofundisha, aigeuze kwa mlalo, kisha aorodheshe kila jambo lililokuwa kweli ambalo sasa ni uongo. Halafu awatoe wanafunzi nje wakiwa na ramani sahihi, waielekeze kaskazini, na wahakikishe kila alama kwa macho yao. Ramani itakayopita mtihani huo ndiyo iwekwe katika slaidi.