Kuandaa Wahadhiri kwa Mikutano ya Kimataifa
Kwa waratibu wa mafunzo, Bukoba na Muleba

Mhadhiri wa Kitanzania amefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Msamiati anao. Anachokosa ni mazoezi ya kusimama mbele ya wageni na kujieleza kwa muda mfupi. Kozi inayoanza na sarufi inampotezea wakati.

Mkoa huu haukuanza leo kupanda majukwaa ya kimataifa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984. Profesa Anna Tibaijuka wa Muleba alitoka kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akaongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kuanzia 2000 hadi 2010.

Anzeni na kazi ya mhadhiri mwenyewe. Tuseme amechunguza mnyauko wa migomba Kamachumu, na amepewa dakika 15, tano zikiwa za maswali. Kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, ana maneno 1,200 tu, wakati makala yake huenda ina 6,000. Apunguze mpaka libaki jambo moja: je, kung'oa ua dume kwa kijiti chenye panda, badala ya kulikata kwa kisu kinachohamisha vimelea, kuliokoa migomba mingapi? Majedwali mengine yabaki kwenye makala.

Asiige Mwingereza. Lafudhi ya Kihaya haina kosa. Kinachomchanganya msikilizaji ni mkazo. Kwa Kiswahili tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza huuhamisha. Neno variety, ambalo mtu wa migomba halikwepi, mkazo wake uko kwenye ri. Kila mshiriki aorodheshe maneno ya namna hiyo ya fani yake, ayatamke kwa sauti mpaka yamkae mdomoni.

Muda mwingi uende kwenye maswali. Wenzake wamuulize kwa kasi, mmoja anong'one, mwingine atoe hotuba isiyo na swali (hawakosekani). Ajizoeze kuomba swali lirudiwe, kulisema upya kwa maneno yake, na kukiri kwamba data zake hazijafika huko. Profesa mwenye mvi akimwelewa vibaya, wengi hunyamaza kwa heshima. Afundishwe kumsahihisha kwa upole.

Jaribio la mwisho lirekodiwe kwa simu. Dakika zikiisha, mwenyekiti amkatishe, hata akiwa katikati ya sentensi.