Kwenda Mnazi Mmoja kutafuta chuo cha biashara

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, nyumbani Machame, na nataka shahada ya biashara. Mjomba wa Dar amenialika Maonesho ya Vyuo Vikuu, Mnazi Mmoja. Niulize nini nisirudi na vipeperushi tu?

JIBU: Kabla ya kukata tiketi, shuka Moshi mjini. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Barabara ya Sokoine. Kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu kamili 2014. Zungumza na wanafunzi wenyewe. Hao hawajavaa fulana za matangazo.

Mnazi Mmoja nenda na matokeo yako, ya kidato cha nne pia, maana kozi nyingi za biashara hutazama hesabu. Kiwango cha kawaida cha shahada ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0, lakini kila kozi ina masharti yake.

Kisha uliza: mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na nani humtafutia mwanafunzi nafasi? Ada yote ni kiasi gani, pamoja na michango midogomidogo isiyoandikwa kwenye kipeperushi? Anayejibu "utaelezwa ukifika", mwache.

Ukipita banda la Bodi ya Mikopo, ulizia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hapo wengi hukwama. Maombi ya chuo hutumwa moja kwa moja chuoni, kwa hiyo usimlipe yeyote anayedai "kukuunganisha".