Meza ya Vinia Iliyotiwa Rangi: Somo la Kazi za Mikono kwa Mwalimu Mwanafunzi

Utangulizi

Wengi wetu tuliosoma katika shule za msingi tunazikumbuka kazi za mikono kwa sura mbili tu: kulima shamba la shule, na kufagia uwanja baada ya kutenda kosa. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe, na aliyefaulu hesabu alipewa kitabu. Bila kutamka neno, mwalimu alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mikono ni ya wakosaji na akili ni ya wanaofaulu. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi iwe sehemu ya kujifunza kwenyewe. Hata hivyo, kazi isiyofikiriwa haifundishi kitu, hata kama inafanywa kila siku.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna tunavyotengeneza meza ndogo ya kisasa, ambayo uso wake umefunikwa kwa vinia iliyotiwa rangi, na namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kutoa somo kutokana na kazi hiyo. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, hesabu, sayansi na sanaa zimo ndani yake kwa pamoja. Pili, inatumia mti wa thamani kwa kiasi kidogo sana. Tatu, makosa yake hayafichiki.

Vinia ni nini?

Vinia ni ubao mwembamba mno, ambao unene wake kwa kawaida ni nusu milimita au zaidi kidogo. Hubandikwa kwa gundi juu ya ubao mwingine usio na sura nzuri. Ufundi huu ni wa kale. Mafundi wa Misri ya zamani walibandika vipande vyembamba vya mpingo na pembe za ndovu juu ya mbao za kawaida, na baadhi ya kazi zao zilionekana katika kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922. Katika karne ya 18 mafundi wa Ufaransa na Ujerumani walizitia vinia rangi, wakaunda picha za maua na ndege juu ya meza na makabati.

Baadhi ya watu hudhani kuwa vinia ni hila ya kumdanganya mnunuzi. Hebu tupige hesabu. Ubao wa mninga wenye unene wa milimita 25 hutosha kufanya uso wa meza moja. Ubao huo huo ukikatwa kwa kisu cha mashine kuwa vinia za milimita 0.6, hutoa vinia zipatazo 40. Mninga huchukua miaka mingi kabla ya kufaa kupasuliwa mbao. Kwa hiyo anayeona hila hapa hajaihesabu miti. Udanganyifu upo pale tu muuzaji anaposema kuwa meza nzima ni mninga.

Vipimo vya meza

Uso wa meza yetu una urefu wa sm 60 na upana wa sm 45. Kimo chake ni karibu sm 45. Uso hukatwa katika plaiwudi ya milimita 18. Fremu hutengenezwa kwa mbao ngumu zilizokauka vizuri na kupigwa randa pande zote. Vipande vinavyohitajika ni hivi:

Miguu 4, kila mmoja sm 4 kwa sm 4, urefu sm 43.
Mbao 2 ndefu za fremu, upana sm 8, unene sm 2, urefu sm 51.
Mbao 2 fupi za fremu, upana sm 8, unene sm 2, urefu sm 36.
Vinia za kutosha kufunika uso wa juu na uso wa chini.

Mwanachuo asivipokee vipimo hivi kama amri. Atafute mwenyewe vilikotoka. Uso unazidi fremu kwa sm 3 kila upande. Basi fremu ina sm 54 kwa sm 39. Tukiondoa unene wa miguu miwili, yaani sm 8, nafasi iliyobaki kati ya miguu ni sm 46 upande mrefu na sm 31 upande mfupi. Kila ubao wa fremu una ulimi wa sm 2.5 katika kila ncha, na ndimi mbili huongeza sm 5. Ndipo tunapopata sm 51 na sm 36. Mwanachuo aliyesahau ndimi huligundua kosa lake ubao ukiwa umekwisha kukatwa, na ubao haufutiki kama ubao wa chaki.

Unene wa ulimi ni karibu theluthi moja ya unene wa ubao. Tundu lake katika mguu huchimbwa kwa patasi. Kwa kuwa matundu mawili hukutana ndani ya mguu mmoja, ncha za ndimi hukatwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili zisigongane. Fremu ikisha kuunganishwa kwa gundi, pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe za fremu ni pembe mraba. Katika meza yetu kila kipimo kiwe karibu sm 66.6.

Kuitia vinia rangi

Hapa tunaanza na jambo ambalo watoto wengi wa pwani wanalijua kuliko sisi. Msusi wa mikeka hauchovyi mkeka uliokwisha kushonwa ndani ya rangi. Huchemsha miyaa ya ukindu kwanza, kila rangi katika chungu chake, kisha akasuka. Rangi huingia ndani ya miyaa yenyewe. Vinia hutiwa rangi kwa kanuni hiyo hiyo. Rangi iliyopakwa juu ya ubao hukaa karibu na uso tu, nayo huondoka mara msasa unapopita. Vinia inayofaa ni ile iliyolowana rangi hadi katikati.

Chagua vinia ya mti wenye rangi nyeupe au hafifu. Yeyusha rangi ya unga katika maji ya moto, ndani ya chombo ambacho hakitapikiwa chakula tena. Lowesha vinia usiku kucha au zaidi. Kisha kata kipande kidogo cha pembeni utazame ukingo wake. Ukiona mstari mweupe katikati, irudishe. Ikisha kukolea, isuuze, iache ichuruzike, halafu ilaze katikati ya karatasi safi zisizo na maandishi, na juu yake weka ubao bapa wenye uzito. Badilisha karatasi kila siku mpaka vinia ikauke kabisa. Ikianikwa juani hujikunja na kupasuka.

Rangi nyeusi yaweza kupatikana bila kununuliwa. Weka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku kadhaa, na kifuniko kisikazwe, kwa maana hewa hutoka. Paka chai ya rangi iliyokolea juu ya kipande cha mti, iache ikauke, kisha paka ile siki. Mti hugeuka kuwa kijivu au mweusi mbele ya macho ya wanafunzi. Chuma kilichoyeyuka katika siki kimekutana na tanini ya chai. Hilo ni somo la sayansi linalotosha kipindi kizima.

Kubandika, na kosa letu

Vinia hukatwa kwa kisu kikali kinachofuata rula ya chuma. Vipande vya rangi mbalimbali hupangwa na kushikizwa kwa karatasi ya gundi upande wa juu. Gundi nyeupe ya mbao hupakwa juu ya plaiwudi, si juu ya vinia, kwa kuwa vinia ikilowa hujikunja mara moja. Mwelekeo wa nyuzi za vinia ukingamane na nyuzi za tabaka la juu la plaiwudi. Kisha huwekwa karatasi, na juu yake ubao bapa, na vibanio hukazwa kuanzia katikati kwenda kingoni, ili hewa na gundi ya ziada vipate njia ya kutoka. Iachwe hadi kesho yake.

Yatupasa sasa kueleza jinsi meza yetu ya kwanza ilivyoharibika. Vinia zilikuwa chache, nasi wakufunzi tuliwaagiza wanachuo wabandike uso wa juu peke yake, maana uso wa chini haumwoni mtu. Kwa ajili ya kubana matumizi tuliwapa pia plaiwudi nyembamba. Baada ya majuma mawili kingo za meza zilikuwa zimeinuka kama dau. Tulidhani wanachuo hawakukaza vibanio, tukawapa alama za chini. Hawakubisha.

Ni baadaye, tulipofanya jaribio kwa vipande viwili vya plaiwudi, ndipo tulipofahamu. Vinia inapolowa maji ya gundi hutanuka kwa upana, yaani kukingama nyuzi zake. Inapokauka husinyaa, na katika kusinyaa huuvuta upande wake wa ubao. Ikiwa upande wa pili hauna vinia ya kuvuta kwa nguvu sawa, ubao hauna budi kupinda. Kosa halikuwa la wanachuo, bali la agizo letu.

Wakati huo wageni walikuwa wakitarajiwa chuoni, na baadhi yetu tulishauri meza ihamishiwe stoo. Mwanachuo mmoja akauliza, “Tukiificha, wenzetu wa mwaka kesho watajifunzia nini?” Hatukuwa na jibu. Meza ikabaki darasani. Alama tulizisahihisha mbele ya darasa zima, tukaeleza sababu. Tunakiri kwamba dakika zile zilikuwa ngumu kwetu. Lakini tangu siku ile wanachuo wetu wameanza kutubishia pale wanapoona sababu, nasi tunaona hiyo ni faida kubwa kuliko meza iliyonyooka.

Kumalizia

Safisha uso kwa msasa namba 120 kwa uangalifu mwingi, kisha 180 na 240, daima kufuata nyuzi. Kumbuka kwamba chini ya nusu milimita kuna plaiwudi. Futa vumbi lote, maana vumbi la rangi nyekundu likiingia katika vinia nyeupe halitoki. Rangi iliyoyeyushwa kwa maji yaweza kuchuruzika ikikutana na vanishi ya maji. Kwa hiyo paka kwanza shelaki nyepesi iliyoyeyushwa katika spiriti, na uijaribu juu ya kipande cha taka kabla ya kuigusa meza. Halafu paka vanishi mara tatu, ukipitisha msasa laini kila inapokauka. Kisha funga uso kwenye fremu kwa skurubu kutoka chini. Meza isikae mahali penye jua la dirishani, kwa sababu jua hufifisha rangi.

Tahadhari zisisahauliwe. Wanaopiga msasa wafunike pua na mdomo. Kazi ya vanishi ifanywe madirisha yakiwa wazi, mbali na moto. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe pamoja, kwani yaweza kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Somo darasani

Mwalimu mwenye watoto sitini hatawapa visu sitini. Lakini anaweza kuwafundisha kanuni ile ile kwa karatasi, katika vipindi viwili vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza: kila kundi lipewe vipande viwili vya manila, sm 20 kwa sm 10, pamoja na karatasi nyepesi na gundi ya unga wa ngano. Kipande cha kwanza kibandikwe karatasi upande mmoja, na cha pili pande zote mbili. Kabla ya kuviacha vikauke, kila mtoto aandike katika daftari lake anachodhani kitatokea, na kwa nini. Mwalimu asimsaidie wala asitabasamu kwa jibu lililo sahihi.

Kipindi cha pili, siku inayofuata: makundi yapime kwa rula kimo cha mpindo wa kila kipande, yalinganishe na yaliyoandikwa. Ndipo mwalimu aulize, “Nini kilivuta?” Kama kuna meza iliyopinda shuleni, iletwe. Mtoto aliyebashiri vibaya asichekwe, bali aulizwe alifikirije. Mara nyingi sababu yake ni nzuri kuliko jibu la aliyebahatisha.

Ikiwa muda unaruhusu, watoto wa pwani walete vipande vya ukili wenye rangi, wauchane, watazame kama rangi imefika ndani. Wavulana na wasichana wafanye kazi zote kwa zamu. Tumeona mara nyingi wasichana wakiachiwa kufagia vumbi huku wavulana wakishika randa, na mwalimu anayeruhusu hivyo anafundisha jambo ambalo hakuliandika katika andalio lake.

Maswali ya kujadiliana

1. Uso wa sm 60 kwa sm 45 unahitaji sentimita za mraba ngapi za vinia kwa pande zote mbili? Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya upotevu.
2. Kama uso wa meza ungeongezwa sm 10 kwa urefu tu, ni vipande gani vya fremu vingebadilika, na vingekuwa na urefu gani?
3. Kwa nini plaiwudi huwa na tabaka zenye idadi witiri, kama 3, 5 au 7? Husisha jibu lako na jaribio la manila.
4. Kundi la wanafunzi wako limeshindwa kazi, nawe unashuka moyo kwamba huenda maelezo yako yalikuwa na kasoro. Eleza hatua utakazochukua kabla ya kutoa alama.