SOMO LETU: MOYO UNAPOPIGA BILA MPANGO



Siku moja tulikaa na kikundi cha akina mama wakiweka akiba. Mmoja akashika kifua akasema, "Moyo wangu unarukaruka." Wenzake wakamwambia ni mawazo tu. Sisi pia tulinyamaza. Mwezi uliofuata tulimkuta hospitalini, amepooza upande mmoja. Ndiyo sababu tunaleta somo hili.

Moyo hupigaje?

Moyo una umeme wake mdogo unaouongoza. Mtu mzima aliyepumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme ukipita njia isiyo yake, moyo hukimbia ghafla. Ukitokea kila mahali, moyo hupiga kwa fujo. Hapo damu hutuama ndani ya moyo na kuganda. Donge likipanda kichwani, mtu hupooza.

Matibabu ya kuchoma

Wengi hupewa dawa. Wengine daktari huwaingiza mipira myembamba katika mshipa wa kinenani, akaisukuma mpaka moyoni huku akitazama kwenye skrini. Akipata mahali penye kasoro hupachoma kwa joto, au hupagandisha kwa baridi. Kovu dogo hubaki, na umeme haupiti tena hapo. Kifua hakipasuliwi.

Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mapigo ya fujo mara nyingi huanzia katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Siku hizi huko ndiko wanakochoma.

Kabla ya kuita harambee

Moyo unaokimbia ghafla, wengi hupona kabisa kwa njia hii. Ule wa fujo unaweza kurudia, na kuchomwa si ruhusa ya kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Tena, kwetu wapo vijana ambao vali za moyo ziliharibika kwa sababu ya maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kwao vali ndizo hutazamwa kwanza. Basi mmoja wenu amsindikize mgonjwa, amwulize daktari: Ni aina gani? Vali ziko sawa? Dawa gani zitaendelea? Halafu ndipo mchange pesa.

Zoezi

Weka vidole viwili (si kidole gumba) kwenye kifundo cha mkono wa jirani, chini ya kidole gumba chake. Hesabu dakika nzima. Mapigo yakiwa hayana mpango, au yakizidi 100 naye amepumzika, aende kituo cha afya akapimwe. Akizimia, akiumwa kifua au mdomo ukipinda, msingoje kesho.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kati yetu amewahi kulalamika juu ya moyo? Tulimjibuje?
2. Nani anatumia dawa ya moyo, na zikiisha anapata wapi nauli ya kufuata nyingine?
3. Watoto wetu wakiumwa koo, tunawapeleka wapi?