"To table": hoja imeletwa au imeahirishwa?

Ukipata barua pepe kutoka Marekani inayosema bajeti yenu "has been tabled", usikimbilie kuandaa majibu ya kikao. Huenda mwandishi anakuarifu kwamba bajeti imewekwa kando.

Kiingereza tulichofundishwa shuleni ni cha Uingereza, na huko "to table" ni kuwasilisha jambo lijadiliwe. Bunge la Tanzania linafuata desturi hiyohiyo: kwenye orodha ya shughuli kuna hati za kuwasilisha mezani, na waziri huziweka mezani ili wabunge wazione. Ndiyo maana sisi huelewa neno hili upande mmoja tu.

Marekani, kuweka hoja mezani ni kuiondoa kwenye mjadala. Kanuni za mikutano za Henry Martyn Robert, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na zinazotumiwa na vyama vingi huko, zinaichukulia kama njia ya kusimamisha jambo kwa muda. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani makali yamezidi: pendekezo la kuweka hoja mezani halijadiliwi, na likipita, hoja ile imekufa.

Hata wakubwa wamekwama hapa. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao wa dharura uwekwe mezani. Wenzao wa Marekani wakapinga vikali, wakidhani unataka kufungiwa kabatini. Walibishana kwa muda mrefu kabla ya kugundua kuwa wote walitaka kitu kimoja.

Ushauri wangu ni kukiacha kabisa kitenzi hiki unapowaandikia watu wa nchi mchanganyiko. Jambo likiletwa, andika "put on the agenda". Likiahirishwa, andika "postponed", na taja tarehe litakaporudi. Tarehe ni muhimu hasa kwenye muhtasari wa kikao, kwa sababu atakayeusoma baada ya miaka mitatu hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ukilipokea neno hili, usikisie kwa kuangalia uraia wa mwandishi peke yake. Mkanada, kwa mfano, bungeni hulitumia kwa maana ya Uingereza, lakini ofisini anaweza kulitumia kwa maana ya jirani yake. Muulize moja kwa moja: tunalijadili lini?