Dishi na antena kwenye waya mmoja: mwongozo kwa nyumba za Mambrui

Juu ya paa za Mambrui siku hizi utaona vyombo viwili: dishi la setilaiti na antena ya stesheni za nchi kavu. Tangu matangazo ya analogi yazimwe nchini mwaka wa 2015, anayetaka stesheni za bure hufunga antena yenye king'amuzi au hununua televisheni inayopokea DVB-T2 yenyewe. Anayetaka mpira wa Ulaya huongeza dishi. Matata huanza ukutani. Ukuta wa mawe na chokaa ni mnene, na kila tundu jipya ni mlango wa maji ya masika na wa mchwa. Waya uliokwisha kupitishwa humo, basi, unaweza kubeba dishi na antena kwa pamoja?

Unaweza, na picha isipungue ubora. Antena hupokea mawimbi ya kati ya megahezi 470 na 694. Kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, huyashusha mawimbi ya setilaiti hadi kati ya megahezi 950 na 2150 kabla ya kuyatuma chini. Mawimbi hayo hayagusani, kwa hiyo hupita sambamba ndani ya waya mmoja. Kinachohitajika ni dipleksa mbili. Dipleksa ni kijisanduku chenye midomo mitatu: mmoja wa SAT, mmoja wa TV, na wa tatu wa waya wa pamoja. Moja hufungwa juu, pale waya wa dishi na wa antena zinapokutana. Ya pili hukaa nyuma ya televisheni na kuyatenganisha mawimbi tena.

Hapa ndipo familia nyingi zinapoponzwa. Fundi asiye na dipleksa hutumia splita ya kawaida, au hubandua nyaya akazisokota pamoja na kuzifunga tepu. King'amuzi cha dishi hakipokei tu. Hupeleka umeme juu kwenye LNB, volti 13 au 18, ili kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo, na huongeza mtetemo wa kilohezi 22 kuchagua bendi ya juu. Antena nyingi kwa ndani zimeunganisha waya wa katikati na ganda. Umeme huo ukifika huko, ni shoti. King'amuzi kitaandika kuwa LNB ina hitilafu, na chenye bahati mbaya kitaungua. Dipleksa nzuri huruhusu umeme kupita upande wa SAT pekee. Kama antena yako ina busta inayohitaji umeme, adapta yake ifungwe kati ya busta na dipleksa ya juu, kamwe isiwe baada ya dipleksa. Na kabla hujagusa waya wowote, chomoa ving'amuzi vyote ukutani.

Nyumba zetu ni za jamaa wengi, kwa hiyo swali linalofuata ni la chumba cha pili. Mawimbi ya antena unaweza kuyagawa kwa splita, ukijua kwamba kila mgao wa njia mbili huacha chini ya nusu ya nguvu kila upande. Ya dishi hayagawiki hivyo. Mama akitazama sebuleni stesheni ya mawimbi ya wima na shangazi akataka ya mlalo chumbani, ving'amuzi viwili vitakuwa vikiamuru LNB moja mambo yanayopingana. Dawa ni LNB yenye midomo miwili au minne, kila king'amuzi na waya wake, au Smart LNB ambayo humpa kila mmoja nafasi yake ndani ya waya uleule. Hiyo ya pili hufanya kazi na ving'amuzi vilivyoundwa kuielewa tu. Uliza kabla ya kununua. Kwa malipo, DStv ina huduma ya XtraView inayoweka zaidi ya king'amuzi kimoja chini ya akaunti moja ya nyumba. Kuvutia waya jirani ni jambo jingine: ni kuvunja mkataba uliokubali ulipojisajili, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda matangazo hayo.

Kwa walio na jamaa Mombasa katika majengo ya televisheni ya kebo, kanuni ya kuchanganya mawimbi kwenye waya mmoja inabadilika. Kebo hutumia masafa yaleyale ya antena, na intaneti yake hurudi kwa masafa ya chini ya waya huohuo. Antena na kebo visichanganywe kabisa.

Adui mkubwa wa Mambrui, hata hivyo, ni chumvi, na mlalo wa dishi huipa njia. Tuko karibu mno na ikweta, na setilaiti za televisheni zimepangwa juu yake, kilomita 35,786 kutoka chini. Dishi la DStv hutazama setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, ambayo kwetu iko karibu utosini, kiasi cha nyuzi 84 kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo dishi hulala chali, na mdomo wa LNB ulioundwa kutazama chini huishia kutazama pembeni, mvua na upepo wa bahari vikiupiga. La Azam hutazama nyuzi 7 mashariki, limeinamia magharibi, nalo husumbuka kidogo kuliko hilo.

Fungua konekta ya dishi lililokaa misimu miwili utaona unga wa kijani kwenye shaba. Huo ndio unaokula picha. Ivishe konekta kofia ya mpira, zungushia tepu ya mpira inayojigandisha, na uache waya uning'inie kidogo chini ya konekta ili maji yadondokee hapo. Mfuko wa plastiki usiufunge. Hufungia unyevu ndani. Waya uwe RG6 wa shaba. Sogeza sumaku kwenye waya wa katikati: ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba, nacho hupoteza sehemu ya umeme wa LNB njiani na kuoza upesi kikikwaruzika.

Kazi ikiisha, pima dishi peke yake kwanza, kisha antena peke yake, halafu vyote kwa pamoja, ukisoma nguvu ya mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi. Ziandike namba hizo ukutani nyuma ya televisheni. Upepo wa kusi ukilisogeza dishi, zitakuonyesha limepoteza kiasi gani. Mvua kubwa ikikata dishi huku antena ikiendelea, subiri, mawimbi yatarudi. Dishi likikatika alfajiri za umande bila wingu hata moja, maji yameingia konekta ya juu, na ukaguzi uanzie hapo.