Ukiitwa Usaili Dodoma Baada ya Miaka Mingi Nje ya Ofisi

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, barua za uhamisho zilimfikia mtumishi mmoja lakini zikahamisha nyumba nzima. Wako wake kwa waume walioacha kazi zao Dar es Salaam ili familia isigawanyike. Wengine walirudi Kondoa, Mpwapwa au Manyoni kumuuguza mzazi, na mwaka mmoja ukawa sita. Sasa watoto wanakwenda shule wenyewe, mgonjwa amepona au ametangulia mbele ya haki, na jina limetokea kwenye orodha ya walioitwa usaili. Furaha ya siku hiyo huwa na hofu ndani yake: nitawaambia nini kuhusu miaka yote hii?

Nawaandikia hao, kwa sababu nimeona watu wenye uwezo mkubwa wakijimaliza wenyewe kwa kuomba radhi mbele ya jopo. Usaili wa kupima umahiri hutaka mambo uliyoyafanya, na jopo hutoa alama kwa kile ulichokisema tu. Mtu aliyekaa nje ya ofisi miaka saba ana mengi ya kusema, ila hajazoea kuyahesabu kama kazi.

Kabla ya kuandaa jibu lolote, rudi kwenye tangazo ulisome kama mkataba. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma, na aliyestaafishwa serikalini hudaiwa kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kama taaluma yako ina bodi au baraza la usajili, hapo ndipo wengi waliopumzika hukwama: usajili upo, lakini leseni ya kufanyia kazi iliisha zamani. Muuguzi, mhandisi au mtaalamu wa ununuzi aanze na hilo mapema, maana vyombo hivyo haviendi kwa kasi ya hofu yako.

Mtihani wa mchujo usiudharau kwa sababu una uzoefu. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025, waombaji walizidi laki moja. Kwenye umati wa namna hiyo, vijana waliotoka chuo juzi wana faida moja kubwa: sheria na mifumo bado mibichi kichwani. Wewe uliyeondoka ofisini mwaka 2017 uliacha watumishi wakipimwa utendaji kwa OPRAS. Siku hizi hupimwa kwa mfumo wa PEPMIS. Ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma iliyopo ni ya mwaka 2023. Mpigie simu mwenzako wa zamani aliyebaki kazini, umwombe akueleze siku yake ya kazi tangu asubuhi: anafungua mfumo gani, anaidhinisha nini, anakwama wapi. Mazungumzo ya saa moja ya namna hiyo yatakufundisha mambo ambayo vitabu vya maandalizi havina.

Ukivuka mchujo, unafika kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi. Maswali ya umahiri huanza kwa maneno kama “Tueleze wakati ambapo...” Wakati ulipotatua mgogoro. Wakati ulipofanya kazi kwa muda mfupi kuliko uliohitajika. Wakati ulipogundua kosa. Hayajibiki kwa sifa. Kusema “mimi ni mwaminifu na mchapakazi” hakumpi msaili kitu cha kuandika kwenye karatasi yake.

Tumchukue mama aliyekuwa mhasibu msaidizi, kisha akakaa nyumbani na kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Nkuhungu, Dodoma. Anaulizwa kuhusu hitilafu ya fedha aliyowahi kuishughulikia. Wengi kwenye nafasi yake hujibu hivi: “Sikuwa kazini, ila kwenye kikundi tulikuwa na changamoto za marejesho, tukashirikiana tukazitatua.” Jibu hilo limekufa mara mbili. Limeanza kwa kujishusha, na halimwonyeshi yeye akifanya chochote.

Sasa msikilize akijibu hivi: “Mwaka 2022 nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake 25. Nikifunga hesabu za robo mwaka, niliona taarifa ya benki inazidi daftari la marejesho kwa shilingi 340,000. Ilikuwa juu yangu kueleza tofauti hiyo kabla ya mkutano wa mgao. Nililinganisha stakabadhi moja moja, nikakuta wanachama watatu walilipa kwa simu na malipo yao hayakuandikwa. Niliwaita, nikaona ujumbe wa malipo kwenye simu zao, nikasahihisha daftari mbele ya mwenyekiti na katibu. Kisha nikaweka utaratibu kwamba kila malipo ya simu yaandikwe siku ileile na kusainiwa na watu wawili. Mgao ulifanyika tarehe iliyopangwa.”

Hapo kuna hali, jukumu lake, hatua alizochukua na matokeo. Hatua ndizo zimechukua nafasi kubwa, na ndivyo inavyopaswa, kwani ndimo alama zilimo. Angalia pia kwamba anasema “nililinganisha”, “niliwaita”, “nikasahihisha”. Tumelelewa kusema “tulifanya” hata pale mtu mmoja alipobeba mzigo wote, na ni malezi mazuri. Ila chumba cha usaili hakiwezi kuyapima. Mpe kila mtu sehemu yake, kisha utaje yako bila haya.

Chimba miaka yako kwa namna hiyo. Chukua mfano wa mikopo ya serikali za mitaa: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama ni wewe uliyeandika katiba ya kikundi, ukaandaa andiko la mradi na kufuatilia maombi ya mkopo huo hadi mwisho, una ushahidi wa kuandika, kupanga na kushughulika na ofisi za serikali. Uliyesimamia vibarua kwenye shamba la zabibu Hombolo, ambako mavuno ni mara mbili kwa mwaka, unajua kupanga watu na fedha kwa msimu. Andaa visa sita au saba, kila kimoja kiweze kujibu zaidi ya swali moja. Viwe vya kweli tupu: msaili mzuri atauliza “kwa nini hukumshirikisha mwenyekiti kwanza?” na kisa cha kutunga huanguka hapo.

Swali la miaka uliyokaa nje lijibu kwa sentensi mbili, kisha songa mbele: “Niliacha kazi mwaka 2017 familia ilipohamia Dodoma. Sasa majukumu yale yamepungua na niko tayari kwa kazi ya muda wote.” Usieleze ugonjwa wa mama mkwe, usiombe huruma.

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu atakayekukatiza. Ukirudia kimoyomoyo utajiona fasaha kuliko ulivyo. Rudia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hasa kama Kiingereza hujakizungumza tangu uondoke ofisini.

Kuhusu siku yenyewe: beba vyeti halisi, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, maana karatasi za matokeo ya awali hazipokelewi. Uliyebadili jina baada ya ndoa, hakikisha una uthibitisho wa kisheria wa mabadiliko hayo. Jambo hili dogo linawarudisha watu mlangoni. Usaili wa Dodoma mara nyingi hufanyika Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo kile ni kikubwa, hivyo soma ni ndaki gani umepangiwa na ufike jana yake uione. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam imerahisisha safari tangu 2024, lakini wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, nyumba za wageni hujaa, basi tafuta chumba mapema.

Ukitoka ndani, kabla hujampigia mtu yeyote simu, andika maswali yote uliyoulizwa na pale ulipokwama. Waliofaulu wakakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata na baadhi hupangiwa vituo nafasi zinapopatikana. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu uliyojaza kwenye maombi, na uendelee kuifungua akaunti yako ya Ajira Portal hata miezi ikipita kimya.